Kabla ya Kununua Mabati



Tukiwatembelea huko vijijini, mara nyingi tunaulizwa mfuko wa simiti ni pesa ngapi siku hizi. Ni nadra kuulizwa: shamba lenyewe kwenye karatasi ni la nani? Leo tuzungumze hilo, kwa sababu hata sisi tulikosea.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ahero kilikuwa kinajengeana nyumba kwa zamu, nasi tukachangia mabati. Ikafika zamu ya mjane mmoja. Tukajenga mpaka kwenye lenta. Hapo shemeji yake akaja, akasema kipande kile ameshakiuza, na arbuni imeshaliwa. Kwenda ofisi ya ardhi, kumbe hati ina jina la babu wa marehemu mume wake, mzee aliyefariki zamani. Shemeji hakuwa na haki ya kuuza, lakini mama naye hakuwa na karatasi ya kumzuia. Kuta zikanyeshewa misimu miwili.

Kwa hiyo siku hizi tunaanza na sachi. Chukua namba ya shamba, nenda ofisi ya ardhi. Utaonyeshwa jina la mwenyewe, ukubwa wa shamba, na kama kuna mkopo au kizuizi juu yake. Ikiwa jina ni la marehemu, usichimbe msingi kwanza. Familia ikae. Chifu aandike barua inayotaja warithi wote, na mabinti walioolewa wasiachwe nje, kisha kesi ya urithi ifunguliwe mahakamani. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la Serikali, na mwenye kupinga ana siku 30. Hizo si nyingi. Kinachokula muda ni kutafuta cheti cha kifo na kupatana nyumbani. Mila ya kufungua dala tunaiheshimu, jogoo na shoka vina mahali pao, lakini haviandiki jina kwenye rejista.

Shamba la kununua linataka idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mlipopatana. Tembeeni mpakani na mpima ardhi, majirani wakiwepo.

Halafu kuna kibali cha kujenga. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti, na wengi wetu huku mashambani hatukuwa na habari. Peleka plani na nakala ya hati ofisi ya mipango kabla fundi hajaanza.

Ninyi mlio karibu na ziwa, waulizeni wazee maji yalifika wapi miaka ya 1961 hadi 1964. Wengi walidhani hayo yamepita. Mwaka 2020 ziwa likapanda kupita hata alama ya 1964, na mwaka 2024 mafuriko yakarudi. Kibali hakitazuia maji kuingia sebuleni.

Maji ya kujengea yatatoka wapi? Ukinunua kwa mkokoteni, utamaliza pesa ya dirisha. Anza na jiko dogo la mabati lenye gata na tangi. Paa la mita 5 kwa 4 likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 400, ukitoa kidogo kinachomwagika. Choo nacho kitangulie, maana mafundi hawatakwenda nyumbani kwao kujisaidia. Kiwe mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini. Huko Kano kwenye udongo mweusi, ambako mvua hujaza shimo, kiinueni juu ya msingi wa mawe.

Stima, uliza transfoma iko umbali gani. Mpango wa Serikali ulioanza 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600. Kama nguzo itapita kwa jirani, akubali kwa maandishi. Mtafute fundi wa stima mwenye leseni, aweke mabomba ya waya kabla ya kupiga plasta, la sivyo mtabomoa ukuta mpya.

Yule mama alishapata karatasi zake, na shemeji amerudisha arbuni kidogo kidogo. Tulirudi kuezeka. Mabati yalikuwa yameshika kutu pembeni kwa kukaa, tukakata zile pembe, tukapiga misumari.