Kikapu cha Katani kwa Safari ya Sokoni

Ndugu mkulima, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya ilitangulia mwaka 2017. Basi yakupasaje kutoa fedha kila siku ya soko kununua mfuko usiodumu, hali mkonge umesimama mpakani mwa shamba lako? Wanawake wa Kikamba na Kikikuyu husuka viondo vya nyuzi tangu zamani, nawe waweza.

Kata majani ya chini yaliyokomaa tu. Ukikata mpaka moyoni, mmea utadhoofika. Yaparuze nyama yote kwa kisu butu juu ya ubao, ukijihadhari na maji yake, maana huwasha ngozi. Osha nyuzi siku ile ile, uzianike juani. Zikikauka, sokota mafungu mawili mawili juu ya paja, upate kamba nyembamba za unene mmoja.

Anza na kitako: pitanisha kamba katikati, kisha suka kwa kuzunguka, ukiongeza kamba kadiri kinavyopanuka. Kaza sana. Kitako kilicholegea humwaga mahindi njiani, na jasho lako likapotea mavumbini. Mkanda nao usiushone ukingoni tu. Upitishe mpaka chini ya kitako, maana ndio ubebao mzigo.

Kikapu kikilowa, kianike upesi kisiote ukungu. Ukikitunza hivyo, kitakutumikia miaka mingi, na fedha ya mifuko itabaki nyumbani.