Hatukuanzia Pilau

Kila anayekuja pwani na kalamu huondoka na pilau. Awe ametoka Ulaya au ametoka bara, ni yale yale: atakula shughulini au hotelini, atapiga picha sinia la biriani, ataandika habari za karafuu, iliki na mdalasini, kisha atatangaza kwamba Waswahili wanaishi kwa viungo na wanawake wao hushinda jikoni toka alfajiri. Sina ugomvi na pilau. Ninachogombea ni kwamba maneno hayo yameturudia wenyewe na watoto wetu wameyaamini. Binti wa Tanga kapanga chumba Dar es Salaam, ana mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, mwiko na kisu, na bado ananiambia hajui kupika. Ukimhoji, maana yake hajui biriani. Basi kila jioni ni chipsi. Bibi yake kwa vyombo hivyo hivyo angelisha nyumba nzima na jirani akapelekewa.

Pilau ni chakula cha watu wengi siku ya jambo kubwa, na mara nyingi hata hakipikwi na mwenye nyumba. Masufuria ya harusi yanayobebwa na watu wawili huja na wapishi wao, tena katika miji mingi ya pwani wapishi hao ni wanaume. Nani amewahi kumfundisha mtoto kupika kwa kuanzia hapo? Nyumbani siku za kawaida palikuwa na muhogo wa nazi, mchicha, bada na dagaa, mseto wa choroko, boga, maharage, samaki wa chukuchuku. Hivi havipigwi picha.

Macho ya mgeni yalianza zamani kwenda kwenye karamu. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu alikirimiwa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Akaandika kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula chakula cha kundi la watu, na kwamba walikuwa wanene kweli kweli. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na huko akasema watu wanakula zaidi ndizi na samaki. Mimi nayapenda hayo maneno machache ya Mombasa. Ya Mogadishu yanatuonyesha meza ya mtawala. Ya Mombasa yanatuonyesha jiko la mtu wa kawaida, na jiko hilo mpaka leo nalitambua.

Wapo wajuzi wa kutukosoa kwamba muhogo si wa asili yetu. Kweli, ulitoka Amerika Kusini ukaletwa katika zama za Wareno, na mahindi, nyanya na pilipili zikaja kwa mlango huo huo. Lakini mikarafuu nayo imeshika Unguja katika karne ya 19 tu, na hakuna anayewanyang'anya Wazanzibari karafuu zao. Tuachieni muhogo wetu.

Mtoto hakuitwa siku moja akaambiwa leo unafundishwa kupika. Alianza kwa kutumwa. Alikwenda gengeni kununua fungu la nyanya, kitunguu, ndimu na mchicha, na akileta mchicha ulionyauka anarudishwa nao kwa muuzaji, aibu yake mwenyewe. Alijua bei kabla ya kujua moto. Alijua kwamba vibua vikiingia kwa wingi jioni hutupwa bei, kwamba samaki hutazamwa macho na mashavu kabla ya kuulizwa shilingi ngapi, kwamba kibaba cha mchele kina kujaa kwa halali na kujaa kwa ujanja wa mkono wa mwenye duka. Kisha alipewa ungo achague mchele na kupepeta. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo ilikuwa nafasi ya kukaa karibu na wakubwa wanaosengenya, kwa hiyo hakuna aliyeikimbia.

Pembeni watoto walikuwa na mapishi yao wenyewe: vifuu, mawe matatu madogo, konzi ya mchele waliyopewa na mama, majani ya kujifanya mboga. Mkubwa akipita alionjeshwa, na adabu ilimlazimu asifu wali mbichi.

Halafu ikaja nazi, na hapo ndipo mtu alipoanza kupika kwa kweli.

Nazi hugongwa kwa mgongo wa panga, ikizungushwa kiganjani mpaka ipasuke pande mbili. Maji yake hukingwa kwa kikombe, nayo ni ujira wa mkunaji. Unakalia mbuzi, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha polepole kwenye meno ya chuma ukianzia ukingoni na kumalizia katikati. Ukikandamiza sana unakwangua mpaka ganda, nazi inaingia weusi, na atakayekuja kukamua hana haja ya kuuliza nani alikuna. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu, ikafikichwa, ikakamuliwa kwa kifumbu au kwa chujio la plastiki la siku hizi. Tui la kwanza ni zito, ndilo kasimile. Linawekwa kando wala haliguswi. Chicha hurudiwa maji mara ya pili na ya tatu, na tui jepesi linalotoka ndilo la kuchemshia.

Sasa muhogo. Uwe muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu na anayeanza asiuguse. Umenywe, ukatwe vipande, upasuliwe na kutolewa mzizi wa katikati, uoshwe, kisha uchemshwe kwa tui jepesi pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili mbichi nzima isiyotoboka. Ukiwa laini, mwiko ukiugusa unaachia, ndipo tui zito linaingia na moto unapunguzwa. Hapo bibi alikuwa anasogea nyuma yako. "Koroga, mwanangu, usiache. Tui litakatika." Likikatika, mafuta yanakwenda upande wake na maji upande wake. Chakula kinalika, lakini waliokaa mkekani wote wanajua leo jikoni alikuwa nani, na kuna mjomba mmoja ambaye hatanyamaza.

Anayeyajua matui hayo mawili, jepesi mwanzo na zito mwisho, anapika mchicha, boga, ndizi mbichi, majimbi, viazi vitamu, kunde, mbaazi, maharage na samaki wa kupaka bila kufundishwa upya. Kinachobadilika ni muda. Maharage hulowekwa toka usiku na huchemshwa peke yake mpaka yaive ndipo yaonane na nazi. Mchicha hautaki hata robo saa. Hapa ndipo ulipokuwa werevu wa wazee. Walichagua jambo moja la bei nafuu wakalirudia wiki nzima kwa majina tofauti, mtoto akawa fundi bila kujua kwamba anasomeshwa. Leo tunampa binti orodha ya viungo kumi na vitano vya biriani, anaunguza kitunguu cha kwanza, anaapa kwamba jiko si fani yake.

Nazi sasa inakunwa kwa mashine sokoni, inasagwa kwa blenda nyumbani, tena tui linauzwa kwenye kopo na paketi. Sina neno. Mbuzi inaumiza mgongo, na aliyewahi kukuna nazi za futari mwezi mzima hawezi kuililia. Ninacholilia ni yule aliyesimama nyuma ya mpishi. Paketi haimwambii mtu lini aache kukoroga.

Chukuchuku ni rahisi zaidi, na nashangaa hakipewi heshima. Maji kiasi huchemshwa na kitunguu, nyanya, chumvi na pilipili. Samaki mbichi aliyeoshwa vizuri anaingia, ndimu inakamuliwa, sufuria inafunikwa. Vipande vya kawaida havihitaji zaidi ya dakika kumi hivi. Hakuna mafuta, hakuna tui, hakuna bizari. Mwiko hauingii tena baada ya samaki, maana atavurugika. Sufuria ndiyo hushikwa masikio ikatikiswa. Mwandishi mmoja mgeni aliwahi kuniuliza mezani, kwa upole kabisa, viungo viko wapi. Nikamwambia kiungo ni samaki kuwa wa leo. Hakuandika.

Kuhusu kuni na makaa, nisingependa kuwaungia mkono wenye kuzililia. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mara nikawasikia watu wa heshima zao wakisema utamu wa chakula unakufa. Wengi wao hawajawahi kupuliza moto wa kuni mbichi msimu wa masika, macho yakiwaka na mtoto mgongoni akikohoa. Moshi si mila. Kweli, kulikuwa na kupalia: wali ukikaribia kukauka, makaa yalipunguzwa chini yakawekwa juu ya mfuniko, wali ukaivia katikati ya moto wa juu na wa chini, punje ikasimama peke yake. Kwa gesi fanya hivi: maji yapande juu ya mchele pingili moja ya kidole, yakishakauka usoni punguza moto mpaka mwisho wake, weka mfuniko mzito, na uache kufunuafunua. Ukoko utaupata tu, na watoto watagombana kama kawaida.

Unyago nauacha. Tangu mwaka 1903, Carl Velten alipochapisha huko Göttingen maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo juu ya desturi za Waswahili, waandishi wa mila wamerudi tena na tena kwenye uzazi, jando, unyago, harusi na matanga, na wapo watakaoendelea bila mimi. Fungate nayo ina wapenzi wake. Mimi mila inayoniuma ni ndogo kuliko hizo: sahani ya jirani.

Ulipopika, hata kama ni maharage, sahani moja ilipakuliwa kabla ya wenyewe kukaa. Ilifunikwa kawa, mtoto akapewa mikononi, akaambiwa atazame anapokanyaga. Dini nayo ilihimiza mchuzi uongezwe maji kwa ajili ya jirani, na mchuzi wa nazi unavumilia nyongeza hiyo vizuri. Sahani haikurudi tupu. Ilirudi na maembe, na kipande cha mkate wa kumimina, na kama hapakuwa na kitu basi konzi ya chumvi, pamoja na maneno ya kumpelekea mpishi: mwambie mama tumeshukuru, ila leo pilipili kaimwaga nani? Kwa anayeanza kupika hiyo ilikuwa mitihani ya kila wiki na mtahini hakuwa mama yake. Mama husamehe. Mama Fulani wa mlango wa pili hasamehi, na wiki inayofuata anaingoja sahani ile ile aone kama umesikia.

Siku hizi tunakaa ghorofani, mlango chuma, na ukipeleka sahani kwa jirani anajiuliza unataka nini. Wengine wanaogopa kusemwa kwamba wamepeleka maharage. Haya ndiyo yaliyoletwa na pilau: chakula cha bei nafuu kimekuwa cha kufungiwa mlango. Mtu anakula mseto kwa siri, kisha Ijumaa anaazima hela apike nyama aweze kuonekana. Umaskini tulikuwa nao zamani pia, lakini mseto haukuwa siri ya mtu.

Wanaotusema kwamba desturi hii ilimfunga mtoto wa kike nawapa haki yao nusu. Ngazi niliyoieleza iliwekwa kwa binti. Kijana alitumwa sokoni, alikuna nazi, alipasua kuni, kisha moto ulipowashwa akafukuzwa akacheze. Hilo lilikuwa kosa. Lakini nawakatalia wanaume wanaodai kwamba ndivyo pwani ilivyokuwa tangu na tangu, jiko ni la mwanamke na basi. Majahazi yaliyokwenda mpaka Arabuni yalikuwa na wapishi, na hawakuwa wanawake. Wapishi wa harusi nimekwisha kuwataja. Mwanamume wa pwani anajua kupika wanaposifu watu mia tatu. Kinachomshinda ni kibaba kimoja cha mchele cha Jumanne.

Kwa hiyo nimeanza na wa kwetu. Mtoto wa kaka yangu anasoma Dodoma, amepanga geto na wenzake, na pesa zao zinaisha kabla ya mwezi. Aliniachia ujumbe wa sauti: "Shikamoo shangazi. Hapa tuna dagaa, nyanya, kitunguu na unga, tufanyeje?" Nikamwambia marahaba, toa vichwa, osha dagaa kwa maji ya moto mara mbili, wachuje wakauke. Wakaange kwa mafuta kidogo mpaka watoe mlio mkavu, watie kitunguu, kikilegea tia nyanya na chumvi, nyanya zikiiva kamulia ndimu, epua. Ugali waliujua tayari, ingawa naambiwa una madonge. Tangu hapo tumekwenda mchicha, maharage, ndizi mbichi na mayai ya nyanya.

Wifi yangu hajafurahi. Anasema namharibu kijana, atakosa sababu ya kuoa. Nilimjibu kwamba mke naye atatoka kazini na njaa yake, tukacheka, yakaisha. Kilichomkasirisha kweli ni jambo jingine. Nimemwambia mtoto kwamba Dodoma asihangaike na nazi, zinafika ghali na nyingine zimekwisha kuoza njiani. Mchicha aupike kwa karanga zilizosagwa, wanavyopika wenyeji wa huko. Wifi kasikia hilo, na mpaka leo anauliza nimepata wapi ruhusa ya kumlisha mtoto wa Tanga mchicha wa karanga.