Picha Nzuri, Mgonjwa Hoi

Picha ya kifua imekuwa safi, kipimo cha kupuliza kimepanda, daktari ameridhika. Mgonjwa naye anasema hata kufua nguo zake kumemshinda. Kwa mwenye sakoidosisi hilo si jambo geni, na wote wawili wanasema kweli.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hujenga vinundu vidogo kwenye mapafu, tezi, ngozi, macho, wakati mwingine hata moyo. Si saratani, wala hauambukizi. Kwenye picha hufanana mno na kifua kikuu, kwa hiyo katika nchi yenye TB nyingi kama yetu mtu anaweza kumaliza miezi sita ya dawa za TB bila nafuu ndipo ugonjwa mwingine ufikiriwe.

Kinachowatesa wengi ni uchovu, na hakuna mashine inayouona. Hupimwa kwa kumuuliza mwenye nao, tena kwa mpangilio. Kuna dodoso la maswali 10, lililotungwa Uholanzi: je, unachoka upesi, unapata taabu kuanza shughuli, akili inakuwa nzito? Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5. Jumla ikifika 22, huo si uchovu wa kazi za kawaida. Aliyekuwa na 34 akishuka hadi 30 amepata nafuu ya kweli. Akishuka alama moja, bado hatuwezi kusema kitu.

Mwaka 2013 wataalamu wa King's College, London, walitoa dodoso la sakoidosisi lenye maswali 29, likiwa na sehemu ya afya kwa jumla, mapafu, dawa, ngozi na macho. Ambaye macho yake ni mazima haulizwi ya macho.

Lakini maswali lazima yamkute mtu anakoishi. Dodoso la St George's la magonjwa ya kupumua, linalotumika nchi nyingi, lina kipengele kinachotaja gofu. Mama wa Ng'iresi, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, ajibu nini hapo? Mimi ningemuuliza: ukitoka bombani na dumu la lita 20, unalitua mara ngapi kabla ya kufika nyumbani? Kwaya ikiimba, unamaliza ubeti? Hata hivyo swali halibadilishwi kienyeji. Likibadilishwa lijaribiwe upya kwa wagonjwa, vinginevyo alama zake hazilinganishwi na za kwingine.

Wenzetu wa tiba shufaa wametangulia. Uganda na Afrika Kusini wamejaribu kuwaacha wagonjwa wajibu kwa mkono wao wenyewe: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kupindukia. Walioneshwa pia picha za dumu, kuanzia tupu hadi lililojaa. Asiyejua kusoma hajaachwa nje.

Naomba jambo moja kwa ndugu wanaosindikiza wagonjwa: mwacheni ajibu mwenyewe. Mume husema "anaendelea vizuri" kabla mke hajafungua mdomo, na alama hiyo inakuwa ya mume.

Sehemu ya dawa katika dodoso la King's isirukwe. Predinisoloni hutuliza vinundu, ila huongeza uzito, hupandisha sukari na kukatisha usingizi. Mapafu yakiwa yametulia huku alama za dawa zikizidi kuwa mbaya, hiyo ni sababu tosha ya kuzungumza na daktari juu ya kupunguza dozi, polepole na chini ya uangalizi wake. Usiiache ghafla.