Mkono Unaoshika Sindano

Kabla ya mabomba ya plastiki yanayotumika mara moja na kutupwa, sindano zilichemshwa. Wa rika langu wanaikumbuka ile sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, mvuke wake, na mabomba ya kioo yakigongana humo ndani kama vijiko. Sisi watoto tuliopangwa kwenye benchi la zahanati hatukumtazama nesi usoni. Tulitazama mkono. Mkono ukielekea kwenye sufuria, wa kwanza analia, na wa mwisho naye analia kwa kumsikia wa kwanza. Siku mafuta yalipokwisha tukaambiwa turudi kesho, tulishangilia njia nzima. Hakuna aliyetueleza kwamba nesi aliyekataa kutuchoma kwa sindano isiyochemshwa alikuwa ametutendea hisani kubwa.

Nilimkumbuka nesi yule niliposoma habari za Yambuku.

Yambuku ni kijiji cha kaskazini mwa Kongo. Mwaka 1976, nchi ikiitwa bado Zaire, kulikuwa na hospitali ya misheni iliyoendeshwa na masista wa Kibelgiji, na watu walitoka mbali kuifuata. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano. Matano, kwa siku nzima, kwa wagonjwa wasiohesabika. Kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine bomba lilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Kuchemsha kulisubiri jioni, na si kila jioni. Homa isiyojulikana ilipoingia hospitalini, ilisafiri kwa sindano hizo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo walikufa 11, na milango ikafungwa kwa sababu hakubaki mtu wa kuifungua. Profesa Jean-Jacques Muyembe, wakati huo kijana, alifika akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola ili Yambuku isibebe aibu hiyo milele.

Tangu hapo Ebola na nduguye Marburg wana tabia moja: hupita hospitalini kwanza. Kikwit, Kongo hiyohiyo, mwaka 1995, katika wagonjwa 315 walioandikwa, 80 walikuwa wahudumu wa afya. Gulu, Uganda, mwaka 2000, ugonjwa uliondoka na wauguzi wa hospitali ya Lacor na hatimaye daktari wao mkuu, Matthew Lukwiya. Guinea, Liberia na Sierra Leone zilizika zaidi ya wahudumu 500 katika mlipuko wa 2014 hadi 2016. Kwenye majedwali ya milipuko kuna safu ya wagonjwa, safu ya vifo na, siku hizi, safu ya dozi. Mkono unaoshika sindano huingia kwenye jedwali ukishaugua. Kabla ya hapo hauna safu.

Chanjo yenyewe ilipatikana kwa njia ndefu. Wanasayansi wa maabara ya serikali huko Winnipeg, Kanada, walichukua kirusi cha ugonjwa wa mifugo wakakivisha kipande cha gamba la Ebola, ili mwili ujifunze sura ya adui bila kumkaribisha ndani. Guinea ilikubali kuijaribu mwaka 2015. Walichofanya huko walikiazima kutoka vita dhidi ya ndui: badala ya kuchanja mji mzima, mtafute mgonjwa, waandike wote waliomkaribia, kisha waandike waliowakaribia hao, na uwachanje. Moto wa nyasi huzimwa hivyohivyo, kwa kukata nyasi pembeni. Watu 5,837 walichanjwa. Kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, hakuna hata mmoja wao aliyeugua Ebola.

Kwa hiyo mlipuko ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, madaktari walifika wakiwa na kitu mkononi. Ungetarajia wapokewe kwa vigelegele.

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu yaliyofuata husimuliwa vibaya. Husemwa kwamba watu wa Beni na Butembo, miji ya huko Kivu, ni wajinga, wamejaa ushirikina, wamekataa sayansi. Mimi nasema tukae kwanza kwenye viti vyao. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na makundi yenye silaha. Walizika mamia ya ndugu zao, na magari meupe yenye bendera hayakuongezeka. Ikaja Ebola, barabara ikajaa magari meupe. Hoja yao ilikuwa nyepesi na ngumu kujibu: ugonjwa huu una thamani gani kwenu ambayo sisi hatuna? Kisha Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wenzao, sababu mojawapo ikiwa Ebola. Masoko yalikuwa wazi na makanisa yalikuwa wazi. Kilichofungwa ni sanduku la kura. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha kupokelea wagonjwa mjini Beni. Jumapili ya uchaguzi wenye mji wakajipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya maonyesho kwa masanduku waliyojitengenezea.

Neno la Kifaransa la kupambana na mlipuko, riposti, likageuka mjini kuwa jina la kabila: watu wa riposti. Wana magari, wana posho kila siku, wana vitambulisho shingoni. Tatizo ni kwamba wengi wa kabila hilo jipya walikuwa watoto wa palepale. Nesi wa Katwa, eneo la Butembo, aliyevaa kizibao cha riposti asubuhi alirudi jioni kwa majirani walewale, kwa mwenye nyumba yuleyule, na mtoto wake alisoma na watoto wa wanaodai kwamba mama yake analipwa kwa kila maiti. Alitoka kwenye mavazi ya kujikinga yaliyomchemsha kwa saa nzima, mikono ikinuka klorini, akafika nyumbani akaambiwa kapu la soko aliache nje. Mshahara wake wa serikali hata kabla ya Ebola haukuwa wa kutegemea. Posho ya mgeni aliyekaa naye meza moja ilikuwa ya kiwango kingine.

Chanjo nayo ilikuja na mtego wake. Siku moja au mbili baada ya kuchomwa, wengi hupata homa, kichwa kuuma na uchovu. Ndizo dalili za mwanzo za Ebola. Mwambie mtu kwamba hii ni homa ya chanjo si homa ya ugonjwa, na jirani yake amezikwa juzi katika mfuko mweupe. Zaidi ya hayo, chanjo ilikuwa haijapata kibali cha kawaida. Ilitolewa kwa utaratibu wa utafiti, kila mtu akielezwa, akiuliza, akitia sahihi. Ni haki yake, na mimi nisingetaka apewe pungufu ya hapo. Lakini kwa mtu anayeishi kati ya bunduki, karatasi ya kutia sahihi mbele ya sindano inatisha kuliko sindano. Walioifanya kazi hiyo vizuri zaidi walitoka Guinea: wachanjaji waliopitia jaribio la 2015, Waafrika waliokwisha kutukanwa kwao kwa maneno hayohayo.

Na sindano mbaya ya Yambuku haikuwa imekufa. Beni, mwishoni mwa 2018, watoto wengi walianza kuugua ghafla. Malaria ilikuwa imepanda msimu ule, na wazazi waliwapeleka kwenye vyumba vya tiba vya mitaani, nusu zahanati nusu mganga, ambako sindano moja ilizunguka. Mtoto aliingia na malaria akatoka na Ebola. Ilibidi Novemba hiyo zigawiwe dawa za malaria na vyandarua mji mzima ili watoto wasiwe na sababu ya kupelekwa huko. Kuitibu malaria kukawa sehemu ya kupambana na Ebola. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kwa nini mlipuko hauzimwi na chanjo peke yake.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, tarehe 19 Aprili, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, timu ya Ebola ikiwa mkutanoni, wakamuua Dk. Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtaalamu wa magonjwa ya milipuko kutoka Kamerun. Siku chache baadaye madaktari na wauguzi wa Butembo waliandamana kwa makoti yao meupe, wakisema watagoma wasipolindwa. Nimeona picha za siku ile. Nilichokiona hapo ni watu waliochoka kuogopa mambo mawili kwa pamoja, kirusi wodini na risasi njiani, huku wakijua kwamba kesho watarudi zamu. Usiku wa kuamkia 28 Novemba mwaka huo, vituo vya riposti vya Biakato na Mangina vilivamiwa. Miongoni mwa wanne waliouawa kulikuwa na mtu wa timu ya chanjo na madereva wawili. Madereva huwa hawatajwi. Bila dereva sanduku la chanjo, linalopaswa kubaki kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, haliendi popote.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, vifo 2,287, waliochanjwa zaidi ya 300,000. Wahudumu 171 waliugua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ukipitia kumbukumbu za wagonjwa wa mlipuko huo, ulikadiria kwamba chanjo ilizuia ugonjwa kwa asilimia 84, na utafiti mwingine ukaonyesha kwamba hata waliougua baada ya kuchanjwa walikufa kwa uchache kuliko wasiochanjwa. Niongeze jambo lisilopenda kuongezwa: katika kipindi hichohicho surua iliua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, ugonjwa wenye chanjo ya miaka mingi isiyohitaji baridi ya aina hiyo wala sahihi ya mtu. Hakuna kabila la watu wa surua lililoonekana barabarani.

Kuna wengine sitaki kuwaruka. Karibu na vituo vya matibabu vya Beni na Butembo palikuwa na nyumba za kulelea watoto ambao mama zao wamelazwa. Mtoto mchanga wa namna hiyo anaweza kuwa ameambukizwa, hivyo hakuna ruhusa ya kumbeba kwa mikono mitupu. Walioweza kuwabeba ni wanawake waliougua Ebola wakapona, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Walikaa nao mchana na usiku, wakawalisha, wakawaimbia. Wengi walikuwa wamefiwa kwa Ebola ileile. Sijaona jedwali lenye safu yao.

Mambo yamebadilika, ingawa kwa kuchelewa. Septemba 2022 Uganda ilipata Ebola ya aina ya Sudan, ambayo chanjo ya Kivu haiigusi. Wahudumu 19 waliambukizwa, saba wakafa. Mmoja alikuwa daktari Mtanzania aliyekwenda huko kusomea upasuaji. Msiba wake ulifika hadi kwetu. Dozi za majaribio zilitua Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Wanasayansi walibaki na chanjo mkononi bila mtu wa kumchanja.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Kigali. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, na karibu wanane katika kila wagonjwa kumi walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa wodi za wagonjwa mahututi. Safari hii hawakusubiri. Ndani ya siku tisa dozi za majaribio zilikuwa Kigali, na wa kwanza kuchomwa walikuwa wahudumu wenyewe. Wagonjwa walikuwa 66, waliokufa 15. Kwa Marburg, ambayo imewahi kuua wanane au tisa kwa kumi, hesabu hiyo ni ndogo mno, na sehemu kubwa ya sifa ni ya wodi: wagonjwa wawili waliokuwa wamewekewa mpira wa kupumulia walitolewa mpira wakiwa hai. Waliowauguza walikuwa wakiwauguza wenzao wa zamu.

Kisha Januari 2025 nesi wa hospitali ya Mulago, Kampala, akafa kwa Ebola ileile ya Sudan. Siku nne tu baada ya mlipuko kutangazwa, jaribio la chanjo lilianza. Safari ile waliliita Tokomeza, kwa Kiswahili.

Ila Bulape, katika jimbo la Kasai huko Kongo, Ebola ilipotangazwa Septemba 2025, kati ya vifo 15 vya kwanza vinne vilikuwa vya wahudumu wa afya. Ilikuwa Ebola ya aina ileile ya Kivu, na chanjo yake ilikuwapo, na kibali kamili ilishakipata karibu miaka sita kabla. Haikuwa mikononi mwa wauguzi wa Bulape siku mgonjwa wa kwanza alipoingia mlangoni.

Na hata inapokuwapo, tusidhani kwamba mhudumu haogopi. Oktoba 1977, mjini Merca, Somalia, gari lilisimama likitafuta mtu wa kuonyesha njia. Ndani mlikuwa na watoto wawili wenye ndui. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, akapanda kuwaelekeza. Hakuwa na kinga, ingawa alifanya kazi hospitalini, chanjo zikiwa zimemzunguka. Alikuja kueleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Akawa binadamu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Miaka ya baadaye, polio ilipoirudia Somalia, alizunguka na timu za chanjo akiwasimulia wazazi wanaosita habari za woga wake mwenyewe. Alifariki Julai 2013, kwa homa iliyompata akiwa kwenye kampeni hiyo.