Kwa nini jiko na friji visitumie waya mmoja

Baridi ya Juni na Julai inapotanda Nairobi, baadhi ya wakazi wa Kibera na Kawangware hupasha maji kwa jiko la koili. Aghalabu jiko hilo huchomekwa kwenye waya ule ule wa friji na taa. Hapo ndipo penye hatari.

Friji ina kidhibiti joto, yaani swichi inayokata umeme ubaridi unapotosha. Koili nyingi hazina swichi hiyo. Huvuta umeme bila kupumzika. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Vyumba vitatu vinavyotumia njia moja vikipika pamoja, huvuta ampea 25. Waya wa taa, wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, haustahimili mzigo huo. Plastiki yake huyeyuka na moto ukazuka.

Kidhibiti joto hulinda chakula. Kinacholinda waya ni fyuzi. Kwa hivyo fundi mwenye leseni ya EPRA atenganishe njia hizo, jiko likipewa waya mnene na fyuzi yake. Fyuzi ikikatika kila mara, usiiunge kwa kipande cha waya. Punguza mzigo.