Umeme unatibu mkojo unaovuja? Soma kabla hujanunua mashine

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Nataka tuongelee kitu ambacho wengi wanaona aibu hata kukitaja: mtu mzima kuvujwa na mkojo.

Ilianza hivi. Mama yangu mdogo anauza chakula hapa Gerezani, jirani na mafundi vyuma. Jumamosi moja akaniita pembeni, akatoa kimashine chenye waya mbili na vibandiko vinne. "Mwanangu, wewe si ndo mtu wa intaneti? Nisomee hii karatasi. Kijana aliyeniuzia kasema nibandike tumboni tu." Hela yote ya mchezo kaimalizia hapo.

Nikamuuliza, ya nini? Akanyamaza kidogo, halafu akasema akikohoa, akicheka au akinyanyua sufuria, mkojo unamtoka. Tangu amzae mtoto wa nne. Kumbe ndo maana haendi kwenye maharusi, na sisi tulikuwa tunasema anaringa!

Nikasoma sana, na baadaye nikamsindikiza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Niliyoyapata ndo haya.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa mbele mpaka kifandugu. Inaitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Imebeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo, na ikikaza ndo inasaidia kufunga njia. Ujauzito na kuzaa vinailegeza. Unene, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni na kubeba mizigo mizito kila siku navyo vinachangia. Na wanaume msicheke: baada ya upasuaji wa tezi dume wengi yanawakuta haya haya.

Umeme unaingiaje hapo? Mishipa ya fahamu yenyewe inatuma habari kwa umeme mdogo sana. Kwa hiyo ukipitisha mkondo mdogo wa betri (sio ule wa Tanesco, jamani!) karibu na mshipa, msuli unajikaza bila wewe kuuamuru. Kwa mkojo wa kikohozi na kunyanyua, mara nyingi mashine inawekwa kwenye mapigo 35 hadi 50 kwa sekunde. Kwa ule wa kubanwa ghafla hadi unakimbilia choo, yanashushwa mpaka 10 hadi 20, ili kutuliza kibofu. Na mara nyingi kifaa chenyewe ni kijiti kidogo kinachoingizwa ukeni au njia ya haja kubwa. Ukibandika tumboni unakaza misuli ya tumbo, basi!

Ipo na njia nyingine kwa wenye kubanwa ghafla: sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki 12. Mguu na kibofu wapi na wapi? Mshipa ule unaanzia kwenye uti wa mgongo sehemu moja na mishipa ya kibofu.

Sasa swali la hela: inafanya kazi? Kwa mkojo wa kikohozi, tafiti zinaonyesha ni bora kuliko kukaa bila tiba, lakini haijathibitika kwamba inayashinda mazoezi ya kukaza, yale aliyoyatangaza daktari Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948. Umeme unamfaa zaidi mtu ambaye hawezi kabisa kukaza misuli hiyo, ili aanze kuihisi. Mjamzito, mwenye kifaa cha mapigo ya moyo, au mwenye maambukizi, saratani au damu isiyoeleweka sehemu hizo asijaribu mwenyewe.

Jambo kubwa kuliko yote: kama mkojo unavuja mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula. Hilo ni tundu, na umeme hauzibi tundu. Hapo ni upasuaji. CCBRT pale Msasani wamekuwa wakitibu fistula bila malipo, na tangu 2009 wamewahi kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wao. Hata baada ya tundu kuzibwa, wengine wanabaki wanavuja kwa sababu misuli imelegea, na hapo fiziotherapia inarudi kazini.

Mama mdogo alipimwa, ikaonekana anaweza kukaza mwenyewe. Akaambiwa: kaza kama unayezuia upepo, hesabu mpaka nane, achia, rudia mara nane, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kuchoka. Anafanya akisubiri wali uive, na wateja hawajui kitu. Bure kabisa!

Mwezi wa nne sasa. Akipata mafua makali bado kidogo kinamtoka, siwadanganyi. Lakini juzi kaenda kwenye kitchen party Mbagala, kacheza mpaka mwisho. Ile mashine ipo kabatini, muuzaji haonekani tena.

Nendeni mkawaulize mama na shangazi zenu, kwa heshima na taratibu. Hawatawaambia wenyewe.

Haya wadau, uwanja wenu. Mwenye uzoefu atupe, jina si lazima.