Ukipata kazi ughaibuni, nenda na watoto wako

Baba watoto alipopata mkataba wa kazi wa miaka miwili Muscat, mavyaa yangu alitoa shauri lake siku hiyo hiyo: "Nenda peke yako, mwanangu, utume pesa. Watoto wakae hapa wasome."

Hakukosea. Ndivyo tulivyozoea Pwani. Mmoja huenda, wengine hubaki, na simu ya Ijumaa ndiyo huwa baba. Pesa hizo zimejenga nyumba nyingi kutoka Mombasa hadi Lamu na zimelipa karo za wengi. Lakini sote twazijua nyumba zilizofika ghorofa ya pili na ndani yake mna watoto wanaomjua baba yao kwa sauti tu.

Sisi tulifunga mizigo sote watano. Tulirudi na akiba ndogo kuliko ambayo angerudi nayo akienda peke yake, na hilo nalisema mapema lisije likafichika. Hata hivyo, nikiulizwa leo, ningefanya vile vile. Nitaeleza kwa nini.

Muda ndio unaofunza

Kuna methali twaitumia kumtisha mtoto: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twaisema kana kwamba mama na ulimwengu ni walimu wawili wasioweza kukaa darasa moja. Safari ndefu ya familia huwakutanisha. Mtoto huuona ulimwengu, na jioni yuko mtu wake wa kumuuliza alichokiona.

Lakini ni lazima iwe ndefu. Mgeni wa wiki mbili huonyeshwa mazuri na kupigwa picha. Anayekaa mwaka hujua foleni, joto la Juni, bei ya samaki na tabia ya jirani. Wazee wetu walilijua hili, ingawa wao walifunzwa na upepo. Jahazi zilizokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hazikuweza kurudi mpaka kusi ivume, kwa hivyo mabaharia walikaa kwetu miezi. Katika kukaa huko waliacha maneno, mapishi na wajukuu. Lau wangekuwa wanauza tende siku tatu na kuondoka, Pwani hii isingekuwa kama ilivyo.

Lugha huingia kwa mchezo

Shuleni wanangu walikaa na Wahindi, Wapakistani, Wamisri na Wasudani. Kiarabu cha kuongea, lakini, hawakukipata darasani. Walikipata uwanjani, wakigombania mpira. Mimi na baba yao tulisoma kwa daftari na tukabaki nyuma. Ikawa binti yetu wa miaka tisa ndiye mkalimani wetu dukani.

Siku moja alirudi amekasirika: "Mama, hawa wametuibia hesabu zetu! Wasema sita, saba, tisa!" Nikamwambia sisi ndio tulioazima. Kuanzia hapo ikawa mchezo wa kila siku: kitabu, sukari, samaki, sahani, duka. Mtoto aliyekuwa akikiona Kiswahili ni somo la kupita mtihani alianza kukichunguza kama mtu anayefungua saa kuona kilichomo ndani.

Na Kiswahili chenyewe tulikikuta huko. Katika duka la vitambaa, bi mkubwa mmoja alitusikia tukizungumza akageuka: "Nyinyi wa wapi, wanangu?" Alitoka Unguja akiwa mdogo. Ndipo nikalazimika kuwaeleza watoto yaliyotokea Zanzibar mwaka 1964, na jinsi Sultan Qaboos alivyoshika utawala wa Oman mwaka 1970, ambapo wengi waliokuwa na asili ya huko walifunguliwa mlango wa kurudi. Hayo sikuwahi kuwaeleza Mombasa. Hakuna aliyeniuliza.

Kuijua Mombasa ukiwa mbali nayo

Kwenye bandari ya mji wa zamani wa Muscat kuna ngome mbili, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno. Waomani waliwafukuza Wareno hapo mwaka 1650. Mwanangu wa kiume alizitazama kisha akasema zafanana na "ile ya kwetu". Tulikaa kitako nikamsimulia: Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ni bahari moja, na waliopigana ni wale wale. Mtoto huyu alikuwa akipita mbele ya ngome hiyo kila siku akienda chuoni bila kuinua macho.

Nyumba isiyo na shangazi

Faida kubwa zaidi sikuitarajia. Hapa kwetu mtoto akilia kuna bibi, shangazi na jirani. Kule hakukuwa na mtu. Baba watoto, ambaye Mombasa hakuwahi kusuka nywele wala kupika uji, alijifunza yote mawili. Watoto waliokuwa wakigombana kutwa wakawa marafiki kwa kukosa wengine.

Pia walituona sisi wazazi hatujui kitu. Walituona tukipotea njia, tukikosea maneno na kuomba msaada. Mtoto anayemwona mzazi wake akijifunza bila kuona haya hupata somo ambalo shule haina. Na yeye mwenyewe akishakuwa mgeni, hamcheki tena mgeni aliyehamia mtaani kwao.

Gharama zake

Pesa zilipungua, nimeshasema. Bibi yao alizeeka miaka miwili bila wajukuu wake, na hilo halina malipo. Kiswahili cha mdogo wetu kilianza kulegea hadi tukaweka sheria kwamba mezani ni Kiswahili tu.

Tena si kila mtu ana hiari hii. Dada zetu wanaokwenda Ghuba kwa kazi za nyumbani huishi kwa mwajiri na hawaendi na watoto wao. Siwezi kuwalaumu kwa kutengana ambako hawakukuchagua. Maneno haya ni kwa yule ambaye mkataba wake unamruhusu, na bado anaiacha familia kwa mazoea.

Wala si lazima iwe Ghuba. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, Mkenya anaweza kupewa pasi ya kukaa Tanzania hadi miezi sita. Pasi hiyo si ya kufanya kazi, na mtoto wa kuingia shule huhitaji kibali chake. Lakini miezi michache Tanga au Unguja ni safari pia.

Kabla ya kufunga mizigo

Usome mkataba kabla ya kutia saini. Je, viza ya familia, tikiti, matibabu na karo vimeandikwa humo? Ahadi ya mdomo haivuki uwanja wa ndege. Kila nchi ina masharti yake ya mshahara kwa anayetaka kuleta familia, kwa hivyo uliza mapema.

Kila mtoto awe na pasipoti yake, na cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa mara nyingi hutakiwa kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa mwendako, na kazi hiyo huchukua muda. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake hudumu maisha, itunze.

Kuhusu shule, jitahidi usimng'oe mtoto akiwa karibu na mtihani wa Gredi ya 6 au ya 9. Chukua barua ya uhamisho na ripoti zake zote, kwani bila hizo kurudi ni taabu.

Mavyaa yangu bado anasema tungeweza kumaliza ghorofa ya pili. Ni kweli, haijaisha. Lakini jioni hukaa baraza na mjukuu wake akimfundisha kuhesabu Kiarabu, na akifika sita hucheka kabla hajaambiwa.

Kwa hivyo ukiletewa habari ya kazi ya nje, usianze kwa kuuliza mshahara ni kiasi gani. Uliza kwanza: yaruhusu familia?